Nguo za Wari Ng'ambo ya Ruvuma

Ukifika Masasi mjini ukauliza duka la vitambaa lenye nyumba ya ghorofa nyuma yake, utaletwa kwangu bila hata kutaja jina. Ghorofa ile nimeijenga mwenyewe, na shule mimi niliiacha darasa la nne. Wapo waliomaliza vyuo ambao leo wamepanga vyumba vyangu, na asubuhi tukikutana uani wananiamkia vizuri tu. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa aina gani. Lakini kutafuta sikuzaliwa nako. Alinifundisha mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mwalimu wala tajiri. Alikuwa mlamu wangu. Huku kwetu kusini shemeji tunamwita mlamu, na huyu ninayemsema ni mume wa dada yangu mkubwa, mzaliwa wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji.

Alikuja kijijini kwetu Makote, kule Newala, wakati mimi bado kazi yangu ni kuamia ndege shambani. Kwao kulikuwa na vita vyao vya wakati ule, akavuka mto akiwa na panga na shati alilovaa. Siku hizo hakuna aliyeuliza karatasi. Wa ng'ambo na sisi tunasema Kimakonde kilekile, ila wao wanakivuta kidogo na sisi tunawacheka. Alilima vibarua, akaonekana ana mkono mzuri wa mikorosho, mvua zilizofuata akamwoa dada. Na kama ilivyo desturi yetu, hakumchukua mke akaondoka naye. Alihamia yeye, akajenga hatua chache kutoka kwa mama, akawa wetu.

Newala nayo, anayeijua anaijua kwa shida ya maji. Mji uko juu ukingoni, maji yako chini bondeni. Mlamu alikuwa na baiskeli, tukawa tunateremka alfajiri tunajaza madumu, halafu tunapanda nayo ule mlima hadi sokoni Newala kuyauza. Yeye anavuta usukani, mimi nasukuma nyuma. Kifua kinawaka, miguu inatetemeka, na yeye hana huruma hata kidogo.

"Sukuma, mlamu. Au dada yako amenipa dumu la tatu nilipandishe bure?"

"Nasukuma."

"Unasukuma au unaegemea?"

Mpaka leo nikiona vijana wanafungua bomba wanaacha maji yanamwagika, namkumbuka. Biashara nilijifunza palepale kilimani: kwamba mteja ananunua maji kwa anayecheka naye, na kwamba mzigo ukiushusha katikati ya mlima kuupandisha tena ni kazi mara mbili. Nilipopata baiskeli yangu, nikaacha maji nikabeba vitambaa. Nikapita vijiji vyote, Lukuledi, Makote, mpaka kule mwisho wa barabara. Yaliyofuata mnayaona, yana ghorofa.

Ninachokitamani sana katika enzi zile, kuliko hata ujana wangu, ni misimu ya jando. Mavuno yakishaingia na mto ukipungua, watu walivuka huku na huku kama wanakwenda nyumba ya pili. Wavulana waliokaa jandoni porini wakitolewa, yaani wale tunaowaita wari, siku hiyo lazima wawe na nguo mpya kuanzia juu hadi chini, wamenyolewa, wamepakwa mafuta wanang'aa, kila mmoja na mwavuli wa rangi kichwani. Wari wa ukoo mmoja huvalishwa sare, wafanane kama mapacha. Ngoma ya midimu inatoka, ile ya wacheza wenye sura za mti, watoto wanakimbia wanalia huku wanarudi tena kutazama. Wa ng'ambo wanakuja kwetu, sisi tunakwenda kwao, na polisi wa mpakani, kama yupo, anapewa pombe ya mabibo na yeye anakaa.

Sasa, nani anawavalisha wari? Si baba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba, kaka wa mama yake. Baba analea, analisha, anachapa, lakini siku ile ya kutoka jandoni watu wote wanamtazama mjomba. Mwari akitoka na nguo za kuazima, aibu si ya baba, ni ya mjomba, na ataimbwa wimbo wa kumcheka. Kwa hiyo wana wa mlamu niliwavalisha mimi, kaka wa mama yao, na niwaambie ukweli, tangu hapo Makote hawajaona wari waliopendeza vile. Na yeye mlamu, kila dada yake kule ng'ambo akitoa mwana jandoni, alikusanya alichonacho akavuka.

Halafu kule ng'ambo mambo yakaharibika upya. Si vita vile vya zamani. Hivi ni hivi vya sasa, vya watu wanaotoka porini na kuchoma vijiji, na hakuna anayejua vizuri ni nani. Watu walikimbia wakavuka mto, wengine wakapokelewa, wengine wakarudishwa. Huku kwetu magari ya ulinzi yakaanza kupita, na kijana mwenye lafudhi ya ng'ambo akawa haendi sokoni peke yake.

Katikati ya hayo, dada yake mlamu akatuma ujumbe kwamba wanawe na wa wadogo zake wanatoka jandoni. Vita au si vita, watoto wanakua. Mlamu akaja dukani kwangu Masasi. Tulichagua pamoja. Nilimpa kitambaa cha kijani kizito, kile kinachokaa miaka hakichuji, na mpaka leo nasema kilikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote mjini. Fundi akashona mashati na suruali, zote sawa. Tukaongeza raba nyeusi, tochi moja moja, mafuta ya kupaka na miavuli. Mzigo ukaenda kwa mtumbwi na jamaa zake wawili.

Ulikamatwa gatini upande wa pili. Wewe fikiria askari aliyetoka mbali, hajui jando, ametoka kuzika wenzake, anafungua furushi anaona mashati ya kijani ya kufanana, raba nyeusi na tochi, na waliobeba wanamwambia ni vya vijana walioko porini. Walimtaja mlamu kuwa ndiye aliyetuma. Jamaa wale wawili hatukuwasikia tena. Wake zao waliuliza kambi hadi kambi, wakaambiwa hawapo, hawakupata kuwapo.

Ndipo maombi yakaja kwamba mlamu akabidhiwe ng'ambo, ajibu kosa la kuwapa vifaa magaidi. Alichukuliwa shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta.

Dada alinipigia simu. Nikawasha gari, na nina gari zuri, nikafika kituo cha polisi Newala kabla jua halijawa kali. Kijana wa kaunta akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mlamu wangu."

"Mlamu ndiyo nani?"

"Shemeji yangu. Kamwoa dada."

"Basi si ndugu yako, mzee. Huyu raia wa kigeni, hana hata kitambulisho. Na hayupo. Ameshapelekwa Masasi."

Mtu asiyeijua nchi hii atadhani anapelekwa Masasi kwa ajili ya mahakama au hospitali kubwa. Mimi nilijua Masasi ndiyo njia ya kwenda kwenye daraja la Ruvuma. Ukimpitisha mtu Masasi, mchana uleule umemfikisha Msumbiji.

Nilirudi mbio. Najuana na watu wengi mjini, na siku ile niliwajaribu wote. Mmoja akanishika bega: "Tajiri, kitambaa kilitoka kwako. Hujaitwa, usijiite." Mwingine hakupokea simu. Ninachojivunia ni kwamba sikukaa kuwalaumu. Nilikumbuka kuna ofisi ndogo nyuma ya soko, ya watu wanaosaidia wanyonge kwa sheria, na nilikuwa nimezoea kuipita nikidhani ni ya wanawake wanaogombana na waume. Nikaingia.

Wakili alikuwa binti mdogo kutoka Kilimanjaro, amevaa ndala, anakula chapati.

"Karibu, baba. Kaa, pumua kwanza."

"Sina muda wa kupumua. Wanamvusha mlamu wangu."

Akaacha chapati. Akaniuliza mambo machache kwa haraka, akasimama, akavaa viatu. Tukiwa njiani alinieleza, na nilimwelewa vizuri kuliko walimu wangu wote wa ile miaka minne. Alisema mtu hapelekwi nchi nyingine kama gunia la korosho. Nchi inayomtaka iandike maombi, maombi yafike kwa hakimu, hakimu aone ushahidi, na mtu mwenyewe asikilizwe. Na hata akionekana ana la kujibu, hapelekwi mahali ambako kuna hofu ya kweli kwamba atateswa au atapotezwa. Nchi yetu imetia saini hayo pamoja na nchi nyingine.

"Hata kama hana kitambulisho?"

"Hilo la uraia lina kesi yake, baba. Hili ni la mtu yeyote."

Tulimkuta kituoni Masasi, amekaa chini na pingu, gari linawekwa mafuta. Wakili hakupiga kelele. Alimwomba mkubwa wa pale amwonyeshe amri ya hakimu. Mkubwa akasema ana maelekezo. Wakili akasema sawa, amri ya hakimu iko wapi. Mkubwa akasema suala ni la usalama. Akasema anaelewa, amri ya hakimu. Waliendelea hivyo mpaka mafuta yakajaa, dereva akawasha injini, akaizima tena, akashuka kuvuta sigara. Mwisho yule mkubwa, ambaye sitamsema vibaya maana alikuwa anatumwa kama mwingine, akatoa simu akaongea pembeni. Akarudi akasema mtuhumiwa atapelekwa mahakamani.

Mlamu alininong'oneza tukipishana: "Umekuja na gari lako lile?"

"Lile lile."

"Naona leo umenipandisha mlima wewe."



Kabla ya siku ya kesi wakili aliniita. Akasema lazima mtu asimame aseme nguo zilitoka wapi na zilikuwa za nini. "Ila nikuonye, baba. Ukisema umeuza wewe, wanaweza kukugeuzia kibao. Fikiria duka lako." Nilifikiri, nani asingefikiri. Niliona duka limefungwa kwa kufuli la serikali. Halafu nikaona wale wanawake wawili wanaouliza kambi hadi kambi, na dada yangu akiwa wa tatu.

Mahakamani tulijaa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, lafudhi ya kanda ya ziwa. Wakili wa serikali akaonyesha picha iliyotumwa kutoka ng'ambo: mashati yamepangwa chini, suruali, raba, tochi. Akasema hizi ni sare, na mwenye akili anajua sare porini ni za nani. Picha ikapelekwa kwa mlamu aitazame. Akaitazama muda mrefu.

"Unavitambua hivi vitu?" hakimu akamuuliza.

"Navitambua, mheshimiwa. Na miavuli yangu iko wapi?"

"Miavuli gani?"

"Nilituma na miavuli, mheshimiwa. Ya rangi, yenye maua. Na mafuta ya nazi. Hapa siioni. Nani kachukua miavuli ya watoto?"

Watu wakacheka, karani naye akainama. Hakimu hakucheka, aliandika. Kisha nikasimama mimi. Nilisema kitambaa ni changu, kimetoka dukani kwangu, na atakayetaka kukiona kingine kama kile aje, kipo. Nikaeleza jando. Wakili wa serikali akaniuliza kama watoto wale wana baba. Nikasema wanao.

"Baba zao wapo hai?"

"Wapo."

"Sasa mzee wa Makote, aliyeondoka huko miaka yote hiyo, anawavalisha watoto wenye baba zao kwa nini?"

Nikamjibu ndivyo ilivyo. Akatabasamu kama mtu aliyemshika samaki. Niliona hakimu naye ananitazama, na macho yake yalisema kwao mtoto huvalishwa na babaye. Pale, kwa mara ya kwanza tangu nianze kufanya biashara, nilirudi kukaa bila kuuza kitu.

Wakili wetu akamwita dada yangu. Dada hajui kupanga maneno. Alisimama, akamtazama mumewe badala ya kumtazama hakimu, akaanza.

"Mimi huyu bwana nimegombana naye maisha yangu yote kwa jambo hilihili. Kila korosho ikiuzwa, kinachopatikana kinavuka mto. Nguo za wapwa zake, viatu vya wapwa zake. Paa letu linavuja, yeye anawaza wapwa zake. Nikimwambia ananijibu wale hawana mjomba mwingine."

"Na wanao wewe," hakimu akauliza, "walipotoka jandoni nani aliwavalisha? Si huyu baba yao?"

"Huyu? Huyu hakuwapa hata soksi." Akanyoosha kidole kwangu. "Aliwavalisha kaka yangu, yule pale mwenye tumbo."

Hakimu akavua miwani. Akanitazama mimi, akamtazama mlamu, akamtazama dada, kama mtu anayefuata uzi kwenye nguo. Akamuuliza dada swali jingine moja tu: na huyo kaka yako, wanawe yeye walivalishwa na nani?

"Kaka za mke wake, mheshimiwa. Angekuwa nani tena?"

Niliona kwamba ameshaelewa. Wakili wetu akamalizia na sheria zake, akawataja wale jamaa wawili na wake zao waliokuwa wamekaa benchi la nyuma, akasema hakuna aliyeleta hata neno moja la kuihakikishia mahakama kwamba huyu wa tatu atafika mbele ya hakimu yeyote.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Sehemu kubwa ilikuwa ya lugha nzito, lakini mwisho niliuelewa: ushahidi hautoshi, na usalama wake huko haujahakikishwa, kwa hiyo hatakabidhiwa. Mlamu alitoka akiwa amekonda, suruali ameishika kwa mkono. Dada hakumkumbatia, kwetu hatufanyi hivyo hadharani. Alimpa mkanda aliokuwa amekuja nao kwenye pochi, akamwambia avae watu wasimwone hivyo.

Suala la makaratasi bado tunalifuatilia, na wakili yuleyule ndiye anatuongoza. Mlamu anakaa Makote kwa kibali cha muda kinachoongezwa kila kikiisha. Lakini sheria ilimwokoa asivushwe kwa nguvu, haikuweza kumpa kuvuka kwa hiari. Jina lake liko kwenye madaftari ya kule. Akikanyaga gati ya ng'ambo, hatujui kama atarudi. Wari wale walitoka na nguo za kuazima, na wimbo uliimbwa, hata huku tuliusikia umefika.

Mvua zilizopita dada yake akafariki, yule mama wa wari. Kwa desturi yetu kaka ndiye mwenye msiba. Jeneza haliondoki nyumbani mpaka kaka aseme. Walimngoja kule, na yeye alikuwa Makote, barazani kwake, mto uko chini tu, ungeteremka bonde ungeuona. Nilikuwa nimekaa naye. Mpwa wake akapiga simu, mlamu akaiweka sauti ya juu juu ya mkeka, sisi waombolezaji wa huku tukasogea.

"Mjomba, tumemaliza kumwosha. Tunakungoja wewe."

Mlamu akakohoa. Akauliza kama kaburi limechimbwa upande wa mama yao, wakasema ndiyo. Akauliza wari wako wapi, wakasema wako hapa, wanakusikia. Akawaamkia mmoja mmoja, nao wakamwamkia, sauti za kiume sasa. Kisha akasema wamchukue. Tulisikia watu wakinyanyuka, tukasikia hatua, dua, baadaye majembe, halafu simu ya yule mpwa ikaishiwa chaji na ikanyamaza.

Watu walipotawanyika dada alituletea chai na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Nilimega, naye mlamu akamega.

"Wewe mlamu ukifa," akasema, "nitakuja kwa miguu."

"Nani kakwambia natangulia mimi?"

"Tumbo hilo."

"Na ukija, usichelewe. Najua ulivyo na mambo mengi."

"Sitachelewa," akasema. "Kwako hakuna wa kunizuia." Akanisogezea ming'oko iliyobaki, ile minene, akasema nile maana yeye ameshiba.